Kutoka kunyanyua hadi kushusha: historia ya springi za nyuma Shinyanga na Geita

Tangu Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lifunguliwe Juni 19, 2025 kati ya Kigongo na Busisi, gari linaweza kutoka Shinyanga mjini, likapita Usagara na kuingia Geita juu ya lami bila kusubiri kivuko. Kijana mwenye Toyota Mark II GX100, gari la silinda 6 linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, leo ana sababu ya kutamani kulishusha gari lake, tairi zijae ndani ya madigadi. Babu yake hakuwa nayo. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, fundi wa ukanda huu alipoguswa bega na mteja, aliombwa kunyanyua.

Kazi hizo mbili ni ndugu. Anayetaka kushusha gari vizuri atajifunza mengi kwa wale waliokuwa wakiyanyanyua magari, na somo lao kubwa ni moja: nyuma ya gari hupimwa likiwa na mzigo wake, kwenye barabara yake.

Udongo mweusi, pamba na almasi

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, lakini haikufika shambani. Pamba ya Usukuma ilibebwa kwa malori kutoka vijijini hadi kwenye viwanda vya kuichambua. Katika miaka ya 1930 dhahabu ya Geita ikaanza kuchimbwa kwa mitambo, na mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, akagundua almasi Mwadui. Mizigo yote hiyo ilipaswa kuvuka udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka na kuwa mgumu, na masika hunata mpaka gurudumu likakataa kuzunguka.

Malori ya wakati huo, na Land Rover iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948, yalikaa juu ya springi za mabamba. Ni vyuma vilivyopindwa, vikapangwa kwa urefu unaopungua, vikafungwa katikati kwa senta bolti na kubanwa kwenye ekseli kwa yubolti. Springi hiyo hufanya kazi tatu kwa pamoja: hubeba mzigo, huishikilia ekseli isihame, na msuguano wa bamba juu ya bamba hupunguza kuruka. Bamba likivunjika njiani, fundi hulitoa na kuweka jingine. Mwenye gari akitaka kubeba zaidi, anaongezewa bamba.

Ukanda huu ulikuwa na wataalamu wa chuma kabla gari halijafika. Warongo wa upande wa Uzinza waliyeyusha chuma, na majembe yao yaliuzwa Usukuma. Baadaye wahunzi wengi wa Afrika Mashariki waligeuza springi chakavu kuwa panga na visu, kwa kuwa chuma chake hushika makali. Anayekijua chuma hicho anaujua pia udhaifu wake: ukikipasha hadi kiwe chekundu na kukiacha kipoe chenyewe, mnyumbuko wake hupotea. Ndiyo maana fundi springi makini hurudisha upinde wa bamba kwa nyundo, chuma kikiwa baridi, wala haruhusu mtu alisogelee na moto wa gesi.

Peugeot na somo la nafasi

Somo jingine lilitoka kwenye mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na kumaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na dereva mwenzake Paddy Cliff, wakiendesha Peugeot 404. Katikati, mwaka 1966 na 1967, ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland wa Tanzania na Chris Rothwell, nao pia wakiwa na 404.

Gari hilo halikushinda kwa ugumu. Nyuma yake lilibebwa na koili, na gurudumu lilikuwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Peugeot 504 ya mizigo na abiria, iliyofuata, ilipewa koili mbili kila upande juu ya ekseli nzima, na pikapu yake ikarudi kwenye mabamba. Magari haya yalionyesha kwamba barabara mbaya hailazimishi springi kuwa ngumu. Springi laini yenye nafasi, ikisaidiwa na shokapu nzima, hubaki imeshika ardhi pale ambapo springi ngumu inarushwa hewani.

Wakati huohuo, kati ya mwishoni mwa 1963 na 1964, Marekani ilizindua Pontiac GTO na Ford Mustang, magari ya injini kubwa yanayopendwa na vijana hadi leo. Mustang ilikuwa na ekseli nzima nyuma, juu ya springi za mabamba, kama lori la pamba. Wamarekani waliishusha kwa kuweka kipande cha chuma kati ya ekseli na bamba. Hesabu zake ni zilezile za kunyanyua.

Dhahabu mpya, mizigo mipya

Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mpya, Geita Gold Mine (GGM), ulifunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Barabara zikajaa Land Cruiser, Fuso, pikapu zinazobeba mawe ya wachimbaji wadogo kwenda kwenye makarasha, na Probox, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 2002, ambayo abiria wanaiita mchomoko. Toyota iliitengeneza Probox ibebe mzigo wa kilo 400. Inapojazwa watu na magunia hadi ikalala, mwenye gari huenda kwa fundi kuwekewa spesa juu ya koili.

Hapa ndipo hatari inapojificha. Gari likinyanyuliwa huku shokapu ni zilezile, shokapu hufika mwisho wake kila gurudumu linaposhuka shimoni, na huchanika mapema. Pikapu nyingi za Hilux zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kifimbo. Nyuma ikilala kwa mzigo, vali huzipa breki za nyuma nguvu zaidi, ikinyanyuka, huzipunguzia. Ukinyanyua bila kuirekebisha, gari lililojaa hufunga breki kama tupu. Ukishusha bila kuirekebisha, magurudumu ya nyuma hujifunga mapema na gari huserereka.

Tena, bamba la ziada haliongezi haki ya kubeba. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne, hata springi iwe nene kiasi gani.

Anayeshusha apime nini

GX100, iliyotoka mwaka 1996, haina ekseli nzima nyuma. Kila gurudumu hutembea peke yake. Ikishushwa sana, vichwa vya tairi huinamia ndani na tairi huisha upande mmoja, hivyo lazima alaimenti ifanywe upya. Koili isikatwe kwa gesi, kwa sababu ileile iliyomzuia fundi wa mabamba. Inunuliwe koili fupi pamoja na shokapu zinazolingana nayo.

Kisha gari lijazwe watu wake wote na tangi la mafuta, ndipo vipimwe vitu vitatu: nafasi kati ya tairi na madigadi, nafasi iliyobaki kabla ya kugota kwenye raba, na umbali wa ekzosi kutoka chini. Gurudumu moja la nyuma linyanyuliwe kwa jeki mpaka springi ibanwe, kwa sababu tutani na kwenye rasta magurudumu hayapandi sawasawa. Tairi ikigusa hapo, itagusa barabarani, na itagusa kwa kasi.

Vipimo hivi vinastahili kuandikwa na kufundishwa, kuanzia VETA Shinyanga hadi kwenye gereji za Katoro na Kahama. Mafundi wetu wana ujuzi wa miongo mingi wa kupatanisha mzigo, springi na barabara. Lami imebadilisha ombi la mteja, lakini ujuzi huo ndio utakaoamua kama gari lililoshushwa litafika salama.