Ukuta Kati ya C na D

Peleka laptopu kwa fundi yeyote pale Luthuli Avenue, umwambie inaganda. Kabla hajaifungua atakuuliza: "Kuna kitu cha maana huko C?" Anauliza kwa sababu C ataifuta yote na kuweka Windows upya. D hataigusa. Wengi wetu tulijua D ni mahali pa kuweka picha na filamu kabla hatujajua kwamba C na D, mara nyingi, ni diski moja iliyokatwa vipande viwili.

Kwa mtu anayerekodi muziki, huo mkato una historia yake, na ni historia ya watu waliokuwa na mashine moja tu.

Tuanze 1983. IBM walitoa kompyuta ya PC XT ikiwa na diski ya megabaiti 10. Mfumo wa DOS 2.0 uliotoka nayo ulikuwa na programu ya FDISK, na diski ingeweza kugawanywa hadi vipande vinne. Sababu haikuwa muziki. Walitaka mifumo endeshi tofauti ikae kwa mashine moja bila kukanyagana. Na muziki ungeingia wapi? Sauti ya kiwango cha CD hula karibu megabaiti 10 kwa dakika. Diski nzima ya XT ingejaa kabla wimbo haujafika mbali.

Wanamuziki wakaenda kwingine. Atari ST ya 1985 ilikuja na matundu ya MIDI tayari, na haikuchukua muda mfumo wake ukahamia kwenye chipu badala ya diski. Unawasha, iko tayari. Hakuna antivirasi, hakuna kitu kinajisasisha nyuma ya mgongo wako. Cubase ilizaliwa kwa mashine hiyo mwaka wa 1989. Lakini MIDI si sauti, ni maagizo tu: piga noti hii, sasa, kwa nguvu hii. Mwimbaji bado alihitaji tepu.

Mambo yalibadilika 1996, Steinberg walipotoa Cubase VST. Sasa kompyuta ya kawaida ingeweza kurekodi sauti na kuipitisha kwenye efekti bila mitambo ya bei kali. Habari njema, lakini kompyuta ya kawaida ni ya kila mtu: ya barua, ya michezo, ya intaneti, ya kazi ya mama. Na sauti haingoji mtu. Kiwango cha CD ni sampuli 44,100 kila sekunde. Kompyuta huzikusanya kwenye bafa, ambayo ni kama kikapu kidogo, halafu inazichukua. Antivirasi ikiamka wakati huo na kompyuta ichelewe, kikapu kinamwagika. Wewe unasikia "tik" katikati ya ubeti, na mwimbaji ndiye huyo ashavaa koti.

Ndipo watu wakaukumbuka ule mkato wa zamani. Kufikia enzi ya Windows XP, iliyotoka 2001, jarida la Uingereza la Sound On Sound lilikuwa likiwaelekeza wasomaji wake jinsi ya kuweka Windows mara mbili kwa mashine moja. Moja ya nyumbani, na kila kitu chake. Nyingine ya studio: haina intaneti, haina michezo, ina programu ya kurekodi na draiva ya kadi ya sauti basi. Kipande cha tatu ni cha nyimbo zenyewe. Ukiwasha, mashine inakuuliza leo wewe ni nani.

Lakini kuna kitu wengi walikosea kuelewa. Kipande si diski. Diski ya zamani ina vichwa vya kusoma vinavyosogea pamoja, vikiwa juu ya sahani inayozunguka, tuseme, mara 7,200 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni kama milisekunde 8. Mfumo ukisoma kutoka C wakati traki 24 zinaandikwa D, vichwa vinakimbia huku na huku kama makanga anayedai nauli mbele na nyuma. Ndiyo maana mwenye pesa alinunua diski ya pili. Kwa asiye nayo, ukuta haukuongeza kasi yoyote ya maana. Uliongeza usalama: Windows ikifa, nyimbo zinabaki.

Watu wa Linux walifuata njia nyingine. Badala ya kuifukuza tu ile kazi nyingine, walirekebisha kiini cha mfumo ili kazi ya sauti ipishwe njia. Marekebisho hayo yalitembea nje ya Linux rasmi miaka mingi, mpaka toleo la 6.12 la mwaka 2024 likayakubali. Ubuntu Studio, mfumo wa bure wa watu wa sanaa, upo tangu 2007. Unaweza kuuweka kando ya Windows leo usiku.

Nasema hivi kwa sababu hali ya 2001 kwetu haijaisha. Keja yangu ni chumba kimoja na laptopu ni moja, ya ex-UK. Ndiyo naandikia wateja, ndiyo narekodia. Mteja akitaka niweke programu ya kuchunguza saa zangu za kazi, inakaa upande wake. Upande wa muziki haujui hata nenosiri la Wi-Fi. Studio ya kweli ina mlango wa kufunga. Mimi nina menyu inayotokea sekunde kumi nikiwasha mashine, na kwa hizo sekunde naamua kama leo natafuta kodi ama naimba.

Tusidanganyane lakini. Ukuta huu unazilinda nyimbo dhidi ya Windows, hauzilindi dhidi ya sakafu. Laptopu ikianguka, C na D zinakufa siku moja. Nakala ya pili iwe kwa diski nyingine kabisa, hata kama ni ya kuazima kwa jirani.