Kiazi Kilichobeba Kiangazi

Kikitolewa kwenye pakiti yake, kiazi hiki hakimvutii mtu. Ukubwa wake ni wa njugu mawe, rangi yake ya kahawia, kimesinyaa, na kimezungukwa na nyuzi kavu za mizizi ya zamani kama kipande cha kumbi la nazi. Kikitiwa majini huelea. Kesho yake au keshokutwa, kikishakunywa maji ya kutosha, huzama hadi kwenye changarawe, na anayekitazama kwa makini ataona upande mmoja una kijicho kidogo kilichotuna. Kikiwa kizima, haziishi wiki nyingi jani la kwanza linachomoza, jembamba, la kijani kinachopitisha nuru. La pili hufuata, kisha la tatu, na baada ya muda majani marefu yenye kingo za mawimbi yanagusa uso wa maji. Kikiwa kimekufa, hulainika, huota ukungu mweupe, na tangi zima la samaki hunuka.

Vifurushi vya viazi vikavu vya namna hii huning'inizwa katika maduka ya samaki wa mapambo ya Marekani na Ulaya, jirani na chakula cha samaki na vichujio vya maji. Maduka huviita matunguu. Jina hilo si sahihi. Tunguu, mtu akilikata, huonyesha maganda yaliyokumbatiana kama ya kitunguu maji. Kiazi hiki ndani ni kitu kimoja kilichoshikana, cheupe, kilichojaa wanga, na jamaa zake kwa umbo ni kiazi kikuu na jimbi. Wamalagasi walilijua hilo kabla ya muuza duka yeyote. Mmea wa ukoo huo uliokua katika mito ya kisiwa chao cha Madagaska waliuita kwa maneno mawili yaliyounganishwa, *uvi*, yaani kiazi kikuu, na *rano*, yaani maji. Kiazi kikuu cha maji. Walikuwa wakikichimba na kukila.

Mzungu wa kwanza kuupeleka mmea huo katika vitabu vya elimu ya mimea ni Mfaransa Louis-Marie Aubert du Petit-Thouars, ambaye mwaka 1795 alikaa Madagaska kwa miezi kadhaa, akaendelea na utafiti katika visiwa vya jirani, na kurudi Ufaransa mwaka 1802 na shehena ya mimea iliyokaushwa. Jina la Kimalagasi likageuzwa kidogo kwa matamshi ya Kifaransa na kuandikwa Ouvirandra. Wataalamu wa Paris walipolitazama jani lake walidhani wanaona mifupa ya jani, si jani lenyewe, kwa maana lilikuwa mishipa mitupu iliyopishana kama kimia cha mvuvi, na kati ya mishipa hiyo hakuna kitu. Leo mmea huo unaitwa kitaalamu *Aponogeton madagascariensis*, na wafugaji wa samaki wanaujua kama mmea wa lesi.

Kwa nusu karne Ulaya iliujua kwa michoro na majani makavu tu. Aliyeufikisha ukiwa hai ni William Ellis, mmisionari wa London Missionary Society aliyekuwa amejifunza kazi ya bustani kabla ya kazi ya injili. Wakati huo Malkia Ranavalona wa Kwanza alikuwa amepiga marufuku Ukristo nchini mwake, na Ellis alipofika pwani ya Tamatave mwaka 1853 na tena 1854 hakupata ruhusa ya kupanda hadi mji mkuu, Antananarivo. Ruhusa ilikuja mwaka 1856. Lakini kiazi hakikuhitaji ruhusa ya ikulu, na kufikia 1855 Ellis alikuwa amekwisha kuufikisha mmea huo Uingereza. Mwaka uliofuata Curtis's Botanical Magazine, jarida lililohaririwa na William Hooker wa bustani ya Kew, lilichapisha picha yake ya rangi.

Mmea ulifika wakati mwafaka kabisa. London ilikuwa imeshikwa na homa ya matangi ya kioo. Mkemia Robert Warington alikuwa ameonyesha mwaka 1850 kwamba samaki wawili wa dhahabu wanaweza kuishi katika chombo cha kioo bila kubadilishiwa maji kila siku, mradi pawepo mmea wa majini wa kuwarudishia oksijeni na konokono wa kula majani yanayooza. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa ajili ya umma. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu *The Aquarium*, na sebule za watu wenye nafasi zikajaa vioo na maji. Mmea wa majini ukawa na cheo kama samaki, au zaidi, maana kwa hesabu ya Warington bila mmea samaki hafiki mbali.

Hata hivyo mmea wa lesi uliendelea kuwafia watu mikononi. Unapenda maji laini yasiyo na chokaa, ya baridi kiasi, yanayotembea. Ni mmea wa mito. Ukiwekwa kwenye maji ya vuguvugu yaliyosimama, majani hufunikwa na mwani, vitundu huzibika, na mmea hunyong'onyea. Jamaa zake wengi wana sharti jingine gumu zaidi kwa mtu mwenye tangi: wanataka kulala.

Hapa ndipo penye siri ya kiazi, na ndipo panapoeleza kwa nini kiliweza kuuzwa. Aponogeton wengi huishi mahali ambapo maji huja na kuondoka. Mvua zikinyesha, kidimbwi hujaa, kiazi huamka, hutoa majani, huchanua, hutoa mbegu. Jua likikausha kidimbwi, majani yote hufa, na kinachobaki ni akiba ya wanga chini ya tope lililopasuka, ikisubiri. Kiangazi kimo ndani ya kiazi kama vile asubuhi ilivyomo ndani ya jogoo. Mtu anayekinunua kikavu dukani anakishika kikiwa katikati ya usingizi wake wa kawaida, usingizi ambao ungekipitisha msimu mzima bila tone la maji. Ndiyo maana kinaweza kukaa ndani ya pakiti kikasafiri kutoka bara hadi bara, ilhali mmea wenye majani mabichi ungehitaji kusafirishwa kwa uangalifu mkubwa.

Wakaao Rasi ya Tumaini Jema wanaufahamu mwendo huo kwa tumbo. Huko hukua *Aponogeton distachyos*, ambao hulala wakati wa kiangazi na kuamka kwa mvua za majira ya baridi, na maua yake meupe huchumwa na kupikwa pamoja na nyama ya kondoo katika mchuzi mzito uitwao waterblommetjiebredie.

Zanzibar nayo iliingia katika habari hii kwa mlango wa yungiyungi. Msafiri Mjerumani Johann Maria Hildebrandt, aliyekusanya mimea kisiwani katika miaka ya 1870, alipata yungiyungi la samawati iliyokoza, na mwaka 1877 Robert Caspary wa Königsberg, bingwa wa mayungiyungi wa zama zake, akalipa jina *Nymphaea zanzibariensis*. Siku hizi wataalamu wengi wanalihesabu kuwa tawi la spishi pana zaidi, ila jina la kisiwa limebaki nalo. Ua hilo lilienea katika mabwawa ya bustani za Ulaya na Marekani kabla karne haijaisha. Wakulima wa huko walikuwa na shida ya theluji, si ya ukame, wakaitatua kwa kulirudishia kiazi chake desturi ya kwao: kabla ya baridi kali walikichimbua, wakakiosha, wakakizika katika mchanga wenye unyevu kidogo, na kukirudisha majini hewa ilipopata joto. Hildebrandt mwenyewe alifia Antananarivo mwaka 1881.

Katika vifurushi vya leo, viazi vya yungiyungi na vya Aponogeton huchanganywa. Kinachotoka mara nyingi ni *Aponogeton crispus*, mwenyeji wa India na Sri Lanka, au machotara yake. Mmea huo uliingia katika vitabu kwa mkono wa Carl Peter Thunberg, mwanafunzi wa Linnaeus, ambaye alizuru Sri Lanka mwaka 1777 na 1778 akitumikia kampuni ya Kiholanzi. Ni mvumilivu kuliko ndugu yake wa Madagaska: huvumilia maji ya bomba, nuru ya taa ndogo, hata mmiliki asiyejua kitu. Sharti moja tu huwashinda wengi, nalo ni kutokukizika kiazi chote. Kiazi kinachofukiwa hadi kichwani huoza. Kinachoachiwa bega lake nje ya changarawe huota.

Baada ya miezi ya kukua kwa kasi, mmea huo huo huacha ghafla. Majani mapya yanakuja mafupi, ya zamani yanageuka manjano, na mwenye tangi anaamini ameharibu kitu. Viazi vingi sana vyenye uhai vimetupwa jalalani kwa sababu hiyo, na ni hasara ya kusikitisha, kwani kilichofika ni kiangazi tu. Wazoefu hukitoa kiazi, hukiweka miezi miwili hivi katika mchanga wenye unyevu mahali penye ubaridi, kisha hukirudisha. Mholanzi H. W. E. van Bruggen, aliyeitumikia jamii hii ya mimea kwa miaka mingi na kuchapisha utafiti wake mkubwa mwaka 1985, aliuchambua ukoo mzima wa Aponogeton unaoenea Afrika, Asia hadi Australia.

Vitundu vya jani la Madagaska navyo vilipata wa kuvieleza. Mwaka 2004 Arunika Gunawardena, pamoja na John Greenwood na Nancy Dengler, walionyesha katika jarida The Plant Cell kwamba jani hilo halizaliwi na vitundu. Hutoka likiwa zima, limejikunja, kisha katika kila kidirisha kati ya mishipa seli za katikati huanza kufa kwa utaratibu wa mmea wenyewe. Kifo husambaa kuelekea kingoni na kusimama seli chache tu kabla ya mshipa. Jani likiwa katika hatua hiyo mtu anaweza kuona mpangilio wote ndani ya kidirisha kimoja: katikati hakuna rangi, mbele kidogo ukijani uliofifia, na kandokando ya mshipa wekundu wa seli zitakazobaki. Maabara ya Gunawardena katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, Canada, imeendelea kuutumia mmea huo kuchunguza jinsi seli zinavyojiua, na huuotesha kutoka kwenye viazi ndani ya visanduku visivyo na vijidudu. Chakula cha Wamalagasi kimekuwa mwalimu wa wanabiolojia.

Tunguu la kweli nalo lipo sokoni, na habari yake ni nzito zaidi. *Crinum thaianum* ni tunguu halisi lenye maganda, lenye majani kama utepe yanayoweza kuzidi urefu wa mtu, na linapatikana porini mahali pamoja tu duniani: mito ya pwani ya magharibi ya kusini mwa Thailand, katika majimbo ya Ranong na Phang Nga. Wafugaji wa samaki wa Ulaya, Japani na Marekani walilipenda kwa sababu halifi upesi na samaki wengi hawaligusi. Matunguu yakang'olewa mitoni na kuuzwa nje, huku mito yenyewe ikichimbwa na kunyooshwa ili kuzuia mafuriko. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili liliuingiza mmea huo katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka.

Safari ya matunguu imeanza kugeuka. Wanakijiji wa wilaya ya Kuraburi, huko huko kusini mwa Thailand, wamekuwa wakiyapanda upya katika mito ile ile ambako yaling'olewa. Kati ya Oktoba na Desemba, mashada ya maua meupe huinuka juu ya maji yanayotembea, na wageni hufika kuyatazama yakiwa yameshikilia changarawe ya kwao.