Julai 6, Mkesha wa Sabasaba

Julai huko Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, ni mwezi wa baridi ya alfajiri na vumbi jekundu. Mvua zimekatika tangu Mei, maharage yamekwisha kuvunwa, na watu wana nafasi ya kukaa pamoja jioni. Kwenye kalenda ya nchi kila mtu anaingojea Julai 7, Sabasaba, siku ambayo TANU iliundwa Dar es Salaam mwaka 1954. Tarehe 6 imebaki kuwa mkesha tu, siku ya kufua na kupiga pasi. Lakini anayefuatilia historia ya muziki ataona kwamba mkesha huo umebeba mambo mengi, na kwamba sehemu kubwa ya mambo hayo ilifika nchi ya Waha kwa meli ya Ziwa Tanganyika, kwa garimoshi, kwa redio za majirani, na baadaye kwa miguu ya wakimbizi.

Tuanze mwaka 1938. Julai 6 mwaka huo, katika mji mdogo wa Sona Bata, Kongo ya Wabelgiji, alizaliwa mtoto aliyeitwa François Luambo Makiadi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Familia ilihamia Léopoldville, Kinshasa ya leo, na baba akafariki mwaka 1949, mtoto akiwa na miaka 11. Mama akabaki na mzigo wa kulea, akawa anakaanga maandazi na kuyauza sokoni Ngiri-Ngiri. Inasimuliwa kwamba kijana alikaa kando ya karai la mama yake akipuliza kinanda cha mdomo ili kuvuta wateja. Inasimuliwa pia kwamba gitaa lake la kwanza alijitengenezea mwenyewe kwa kopo, na nyuzi zake zilikuwa nyaya za umeme zilizochunwa. Aliyemfundisha kupiga gitaa la kweli alikuwa jirani yao, Paul Ebengo Dewayon. Alipofika miaka 15 alikuwa amekwisha kusaini mkataba na studio ya Loningisa, na mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz, bendi iliyochukua jina lake kwenye baa ya Oscar Kashama. Dunia ilimjua kwa jina moja tu, Franco.

Franco aliifikiaje Kasulu? Tazama ramani kwanza. Kutoka Kasulu hadi Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 1,000. Hadi Bujumbura ni kama 150. Ng'ambo ya ziwa kuna Kalemie, iliyoitwa Albertville enzi za Wabelgiji, na hapo ndipo ilipoanzia reli yao ya kwenda ndani ya Kongo. Upande wetu Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwapa Wabelgiji eneo lao maalumu katika bandari ya Kigoma, ili mizigo ya Kongo ipite hapo kwenda Dar es Salaam na kurudi. Penye mizigo pana mabaharia, makuli, wachuuzi na wapiga gitaa. Vijana wa Kiha waliokwenda kukata mkonge Tanga walipandia garimoshi hapohapo Kigoma, wakapita Tabora, mji ambao ulikuwa na bendi zake mwenyewe: Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, Tabora Jazz. Kwa hiyo mtu wa Kasulu aliukuta muziki wa dansi akiwa safarini, kabla mji wake haujawa na ukumbi wa kueleweka.

Kisha ikaja redio. Redio ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, nayo mwanzoni ilisikika mjini kwao tu. Huku milimani redio za Kongo na Burundi zilikuwa jirani zaidi, na Kirundi na Kiha vinasikilizana vizuri mno, kwa hiyo mtangazaji wa Bujumbura hakuhitaji mkalimani Kibondo. Kilingala kilikuwa jambo jingine. Watu walicheza nyimbo za Franco miaka nenda rudi bila kujua anamsema nani, na pengine ilikuwa heri, maana mara nyingi alikuwa anamsema mtu. Betri zikichoka zilianikwa juani pamoja na mihogo, zikapata nguvu ya kumalizia jioni moja.

Julai 6, 1957, siku ya Jumamosi, Franco alitimiza miaka 19. Siku hiyohiyo, katika kitongoji cha Woolton, Liverpool, kanisa la Mtakatifu Petro lilikuwa na sherehe ya uwanjani. Kijana wa miaka 16, John Lennon, alikuwa anapiga na kikundi chake cha shuleni, The Quarrymen. Rafiki yao Ivan Vaughan akamleta Paul McCartney wa miaka 15, wakatambulishwa. Kundi la The Beatles lilichipuka katika utambulisho huo. Kasulu wakati huo ilikuwa boma la Waingereza, na Heru, utemi wa Waha wa hapo, ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, jambo lililokuwa nadra katika Tanganyika yote. Nadhani hata leo ukimuuliza mzee wa Heru kati ya Lennon na Franco nani alimchezesha, hatakawia kujibu.

Mwaka 1971 tarehe hiyo ilikuja na msiba. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta aliyezaliwa New Orleans, alifariki usingizini nyumbani kwake Queens, New York, Julai 6. Wakongo walimkumbuka vizuri. Oktoba 1960, miezi minne baada ya uhuru wao, alitua Léopoldville katika ziara iliyogharamiwa na serikali ya Marekani, akabebwa juu ya kiti na wanaume huku ngoma zikilia. Wakati umati ukimshangilia, Patrice Lumumba alikuwa amefungiwa nyumbani kwake katika jiji hilohilo. Mwezi uliofuata Armstrong alipiga Elisabethville, mji mkuu wa Katanga iliyojitenga chini ya Moïse Tshombe. Lumumba aliuawa Katanga Januari 17, 1961. Hesabu za kisiasa za ziara ile mwenye tarumbeta hakuonyeshwa, na sioni sababu ya kumlaumu. Lakini vurugu zilizofuata ndizo zilizowavusha Wakongo ziwani kwa mara ya kwanza kuja Kigoma kutafuta usalama, na ndizo zilizompitisha Che Guevara Kigoma Aprili 1965, akielekea upande wa pili kuwasaidia waasi wa Fizi.

Wimbi kubwa lilikuja baadaye. Rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, aliuawa Oktoba 21, 1993, na Warundi wakamiminika Kibondo na Kasulu: Kanembwa, Nduta, Mtendeli, Mtabila, Muyovosi. Novemba 1996 vita vya Kongo vikaanzisha kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, ambayo wengi wa wakazi wake walitoka Kivu Kusini, Fizi na Uvira na vijiji vya pembeni mwa ziwa. Franco alikuwa amekufa miaka saba nyuma, Oktoba 12, 1989, huko Namur, Ubelgiji, lakini watu waliozijua nyimbo zake tangu utotoni walikuwa sasa majirani wa kijiji cha Makere. Kwaya za makanisa ya kambini zinapiga magitaa yenye mtiririko uleule wa rumba ya Franco, solo ikijibizana na ridhimu, maneno yakiwa ya Mungu. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi, ilitangaza kwa wenyeji na wageni pamoja. Sheria ilimkataza mkimbizi kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali. Redio haikuombewa kibali.

Julai 6, 2017 ilikuwa Alhamisi. Habari ikatoka Muhimbili kwamba Shaaban Dede amefariki. Huyu alikuwa mwana wa Kanyigo, Kagera, mwimbaji na mtunzi aliyezunguka karibu bendi zote zilizokuwa na jina: Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata, Dodoma International, Msondo, Mlimani Park, Bima Lee, OSS. Ukitaka kujua rumba ya Franco ilipata uraia wa Tanzania kwa namna gani, msikilize Dede. Magitaa yanatembea kwa mwendo wa Kinshasa, lakini mambo ya nyumba na ndoa yanasemwa kwa Kiswahili cha hapa, taratibu, na kila mtu anajua anasemwa nani. Zama zake studio ya maana ilikuwa ile ya Radio Tanzania. Bendi iliingia, ikarekodi, na wimbo ukasubiri zamu yake hewani. Aliyetaka kuumiliki aliuvizia na redio kaseti, kidole kikiwa kwenye kitufe.

Siku alipokufa Dede, Nduta na Mtendeli zilikuwa zimejaa Warundi upya kufuatia machafuko ya Aprili 2015. Wiki mbili baadaye, Julai 20, Rais Magufuli na Rais Nkurunziza walihutubia mkutano wa hadhara Ngara, wakiwahimiza wakimbizi warudi kwao.

Kuna msiba mwingine wa karibuni. Mtunzi wa muziki wa filamu, Ennio Morricone, alifariki Roma Julai 6, 2020. Jina hilo halina mwenyewe Kibondo, lakini mwite kijana yeyote wa zamani aliyelipa kiingilio kwenye banda la video kutazama makauboi, umpigie ule mluzi wa Morricone, atakumalizia.

Franco, Woolton, Armstrong, Dede, Morricone: kila kimoja kina tarehe kwa sababu palikuwa na mtu wa kuiandika. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, Diamond Platnumz akiwamo, walikusanyika kuimba Leka Dutigite, na huo hautapotea, maana upo kwenye mitandao. Vilivyo hatarini ni vya kabla ya hapo: kanda za kwaya za Muyovosi na Mtabila, za bendi za harusi Kasulu mjini, za wapiga zeze wa Kibondo zilizorekodiwa sebuleni. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012 na watu wake wakatawanyika. Kama kwenu kuna sanduku la kaseti, mkae na mzee angali anakumbuka, na juu ya kila moja muandike kwa kalamu ya wino: nani anaimba, wapi, tarehe gani.