Kwa Nini Mpiga Eksirei Hutoka Chumbani

 Leo tunaweka kando chanjo na uji wa mtoto. Tutazungumza juu ya yule mtu anayekuambia, "Vuta pumzi, ishikilie," kisha anatoka na kukuacha peke yako na mashine. Kliniki nimeulizwa mara nyingi: "Sista, kama ile mashine si mbaya, mbona mwenyewe anaikimbia?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko katika historia ya kazi yenyewe.

Eksirei iligunduliwa tarehe 8 Novemba 1895 na Wilhelm Röntgen, mwalimu wa fizikia huko Würzburg, Ujerumani. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mke wake, mifupa ikaonekana na pete kidoleni. Habari zilienea upesi ajabu. Mwaka 1898, katika vita vya Sudan, daktari wa jeshi la Waingereza aitwaye Battersby alikuwa akitafuta risasi katika miili ya majeruhi kwa mashine hiyo. Umeme wake ulitoka kwa watu waliokanyaga baiskeli! Hapa Afrika Mashariki, hospitali ya misheni ya Mengo, Kampala, ilipata mashine yake mwaka 1907. Hospitali hiyo ilianzishwa na Dakta Albert Cook mwaka 1897.

Sasa sikiliza, mama. Siku hizo hapakuwa na shule ya kazi hii. Aliyekuwa na mashine ndiye aliyekuwa mtaalamu. Wengi walipima nguvu ya mashine kwa kuweka mkono wao wenyewe mbele yake kila asubuhi, waone kama mifupa inatokea vizuri. Mionzi hiyo haiumi, haina harufu wala joto, kwa hiyo hakuna aliyeogopa. Baadaye ngozi ilianza kuchubuka, vidonda vikakataa kupona, vikageuka saratani. Clarence Dally, fundi wa mvumbuzi Thomas Edison kule Marekani, alikatwa mikono yote miwili na bado akafa mwaka 1904. Edison mwenyewe akaachana na eksirei. Mwaka 1936 jiwe la kumbukumbu lilisimamishwa Hamburg, Ujerumani, lenye majina ya watu zaidi ya mia moja waliokufa kwa kazi hii, madaktari, wauguzi na mafundi.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Wewe unapigwa picha moja, labda mbili, na mionzi yake ni kidogo. Yeye yuko hapo kutwa, mwaka hadi mwaka. Akisimama kando yako kila mara, kile kidogo kitajumlika mwilini mwake. Anatoka kwa sababu waliomtangulia hawakutoka.

Wanawake wameifanya kazi hii tangu mapema. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Marie Curie alitengeneza magari yaliyobeba eksirei hadi karibu na uwanja wa vita huko Ufaransa. Bintiye Irène alikuwa na umri wa miaka 16 tu vita vilipoanza, akamsaidia. Pamoja waliwafundisha wanawake wapatao 150 kupiga picha za majeruhi. Marie alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi aliyofanya nayo kazi miaka mingi, na Irène akafa kwa saratani ya damu mwaka 1956.

Mwaka huohuo wa 1956 lilitokea jambo ambalo kila mjamzito anafaa kulijua. Wakati ule madaktari wa Uingereza walikuwa wakiwapiga wajawazito eksirei ya tumbo na nyonga ili waone mtoto amelalaje. Ilionekana ni huduma bora. Dakta Alice Stewart wa Oxford, ambaye naye alikuwa mama, alijiuliza kwa nini saratani ya damu ilikuwa inaua watoto wengi kuliko zamani. Badala ya kuanza na mafaili ya hospitali, aliamua kuwauliza akina mama. Maswali yakapelekwa kwa mama waliofiwa na watoto kwa saratani na kwa mama ambao watoto wao walikuwa wazima. Majibu yaliporudi, ikaonekana kwamba waliofiwa walikuwa wamepigwa eksirei ya tumbo wakiwa na mimba karibu mara mbili kuliko wenzao.

Madaktari wakubwa hawakumwamini. Walisema mama aliyefiwa hukumbuka vibaya, hutafuta wa kulaumu. Ilichukua takriban miaka 20 kabla jambo hilo halijakubaliwa na wengi. Mimi husema waziwazi kwamba ubishi ule ulikuwa wa kudharau maneno ya mama, na dharau hiyo haijaisha mpaka leo katika vyumba vyetu vya matibabu.

Kwa sababu ya utafiti ule, leo mpiga picha aliyefundishwa anapaswa kumuuliza mwanamke kama ana mimba, au hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Usimwone mdaku. Na asipouliza, mwambie wewe kabla hujavua nguo. Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Hatari kwa mtoto mmoja ni ndogo, na picha ya kifua haielekezwi tumboni. Ikiwa una kikohozi cha majuma mengi na daktari anashuku kifua kikuu, au umevunjika mguu, kukataa eksirei kunaweza kukudhuru wewe na mtoto kuliko picha yenyewe. Na mtoto mdogo akihitaji kushikwa ili atulie, ashikwe na mtu asiye mjamzito, aliyevaa aproni ya risasi. Hapo hata baba au shangazi anafaa.

Basi wajawazito wakaangaliwaje? Hapo inaingia ultrasaundi, ambayo wengi wetu tunaiita skani. Dakta Ian Donald alikuwa Glasgow, mji wa mafundi wa meli na vyuma. Mafundi hao walikuwa na chombo cha kutafuta nyufa ndani ya chuma kwa sauti isiyosikika na sikio. Donald akajaribu kukitumia kwa matumbo ya wagonjwa. Mama mmoja aliyedhaniwa ana saratani isiyotibika alionekana kuwa na uvimbe wa maji katika kifuko cha mayai. Ukatolewa, akapona. Donald na wenzake, MacVicar na mhandisi Tom Brown, walichapisha matokeo yao mwaka 1958. Skani haitumii mionzi kamwe. Ni sauti inayokwenda na kurudi, kama unavyoita ng'ambo ya bonde na mwangwi ukakujibu.

Kenya nayo ina sehemu yake katika habari hii. Miaka ya 1980 shirika la AMREF lilipeleka mashine ndogo ya skani hadi Turkana. Huko wafugaji walikuwa wakiugua sana uvimbe wa ini unaoletwa na mnyoo wa mbwa. Watu walipimwa huko huko manyattani, na mwaka 1987 matokeo yakachapishwa katika jarida la madaktari la Uingereza. Kumbe mashine ilikuwa inaweza kumfuata mgonjwa!

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe skani walau mara moja kabla ya majuma 24. Skani hiyo huonyesha umri wa mimba, kama ni pacha, na kama kuna kasoro. Ukija kliniki ukiwa na miezi minane, muda huo umekwisha kupita.

Lakini skani inahitaji mtu wa kuisoma. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodi mashine za kisasa, zikiwemo za eksirei na skani, kwa hospitali mbili katika kila kaunti. Kamati ya Seneti iliyochunguza mpango huo ilitoa ripoti mwaka 2020. Katika sehemu nyingine mashine zilikuwa zimekaa tu, kwa kukosa umeme, vyumba au wataalamu. Mama anayepanda matatu kutoka hapa Karurumo hadi Embu kwa ajili ya picha moja ameshalipa nauli. Akiambiwa mtaalamu hayupo, nauli hairudi.

Ndiyo maana nawaomba mtazame watoto wenu. Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya, KMTC, kilichoanza Nairobi mwaka 1927, hufundisha kazi ya kupiga picha za mwili kwa stashahada ya miaka mitatu. Mwenye stashahada anaweza baadaye kuongeza stashahada ya juu ya ultrasaundi, au kutafuta digrii. Anayetaka kuwa daktari bingwa wa picha, yule anayezisoma na kuandika majibu, njia yake ni ndefu. Kwanza asomee udaktari chuo kikuu, kisha mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi hospitalini, ndipo aende masomo ya ubingwa ya miaka minne, kama yale yanayotolewa na Chuo Kikuu cha Nairobi. Wala asikate tamaa anayeanzia na stashahada. Godfrey Hounsfield, aliyetengeneza mashine ya CT iliyompima mgonjwa wa kwanza mwaka 1971, hakuwa na digrii ya chuo kikuu, naye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini.

Masomo yanayotazamwa sana ni Biolojia na Fizikia. Wasichana wetu wengi huiacha Fizikia mapema, kwa kuambiwa ni ya wavulana. Kwa mtaala wa umilisi, uamuzi huja mapema zaidi, mtoto anapochagua mkondo wa sekondari ya juu. Mama, fomu hiyo ikifika nyumbani, usiitie sahihi upesi. Keti na binti yako mwisome, na kesho yake nenda ukamwone mwalimu wake wa sayansi.