Sura Bila Sauti, Sauti Bila Sura

Filamu ya katuni The Lion King ilipotiwa sauti za Kifaransa mwaka 1994, yule nyani mzee mwenye fimbo alisema kwa sauti ya Med Hondo, mzaliwa wa Mauritania aliyeishi Paris. Jina la nyani huyo ni neno letu, Rafiki. Wafaransa waliizoea sauti ya Hondo miaka mingi: kila Eddie Murphy alipofungua kinywa katika kumbi zao, aghalabu Hondo ndiye aliyesikika, na hata Punda wa Shrek ni yeye. Lakini wengi waliocheka naye wangepishana naye barabarani bila kumtambua.

Miongo kadhaa kabla yake, mhamiaji mwingine alipatwa na jambo hilo kwa upande wa pili. Sessue Hayakawa, mzaliwa wa Chiba nchini Japani, alijulikana kwa sura Marekani nzima wakati filamu zilipokuwa bado bubu. Mwaka 1915, katika The Cheat ya mwongozaji Cecil B. DeMille, alicheza tajiri wa Kijapani anayemchoma mwanamke wa Kizungu begani kwa chuma cha moto, kama ng'ombe anavyotiwa alama. Waigizaji wa siku zile walirusha mikono na kutumbua macho. Yeye alitulia tu, na utulivu huo ukawatia watazamaji hofu na mapenzi kwa pamoja. Wajapani waliokuwa Marekani walikasirika. Filamu iliporudishwa kumbini mwaka 1918, Japani ikiwa mshirika wa Marekani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, maandishi yalibadilishwa na tajiri yule akawa mtu wa Burma. Uso haukubadilika hata kidogo. Sijui kama kuna ushahidi ulio wazi zaidi ya huo kwamba sinema ilimtaka mgeni, lakini haikujali ugeni wake unatoka wapi.

Mwaka huohuo wa 1918 Hayakawa alianzisha kampuni yake ya filamu, Haworth. Katika The Dragon Painter ya 1919 ni mchoraji mwenye wazimu wa mapenzi, na mpenzi wake ni Tsuru Aoki, mkewe halisi. Japani ya filamu hiyo ilipigwa Yosemite, California. Ni nzuri kuitazama, ila naiona kama nchi iliyopambwa kwa ajili ya macho ya Wamarekani. Hata hivyo simlaumu. Alichodai ni haki ya mtu mmoja: uso uleule uliomfanya mwovu uruhusiwe kupenda na kuhuzunika. Huo ndio ulikuwa utamaduni wa Hollywood, ambamo nyota ni mmoja na kamera humsogelea yeye. Mwaka 1922 aliondoka. Miaka miwili baadaye sheria ya Marekani ikawafungia mlango wahamiaji wa Kijapani.

Hondo alitoka kwingine kabisa. Alijifunza upishi Morocco, akaingia Ufaransa mwaka 1959, akafanya kazi za jikoni, za shambani na za ukuli bandarini, kisha akasomea uigizaji kwa mwigizaji Françoise Rosay. Majukwaa ya Ufaransa hayakuwa na nafasi kwa Mwafrika ila kwa vijisehemu vya hapa na pale, basi mwaka 1966 akaunda kundi lake la maigizo, Shango, ambalo baadaye jina lake liliunganishwa na la griot, yule msimulizi wa Afrika Magharibi anayetunza kumbukumbu za ukoo na dola. Hapa ndipo njia za watu hawa wawili zinapoachana. Griot hasimami mbele za watu ili atazamwe uso. Anasimama ili wengine wasikike kupitia kwake.

Kwa hiyo Hondo alipotengeneza Soleil Ô, filamu juu ya mhamiaji wa Kiafrika mjini Paris, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Cannes mwaka 1970 na kuwa miongoni mwa washindi wa Chui wa Dhahabu katika tamasha la Locarno, hakujipa nafasi ya mbele. Filamu iligharimu takriban dola 30,000, nyingi zikiwa malipo yake ya kutia sauti filamu za Marekani. Fikiri juu ya pesa hiyo: mtu anaazima koo lake kwa Hollywood mchana, halafu analipia kwa ujira huohuo filamu ambayo Hollywood isingethubutu kuitengeneza. Katika West Indies ya 1979 alijenga merikebu ya watumwa ndani ya kiwanda cha Citroën kilichoachwa, akapitisha humo karne nzima za historia kwa nyimbo na ngoma. Sarraounia, juu ya malkia aliyeukabili msafara wa wanajeshi wa Kifaransa mwaka 1899, ilishinda tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika, mwaka 1987.

Hayakawa, kwa upande wake, alisikika vizuri hatimaye, akiwa mzee, kama Kanali Saito katika The Bridge on the River Kwai ya 1957, akapendekezwa kwa Oscar. Alikuwa mkuu wa kambi ya mateka. Sauti ilikuja, na ikaja na kazi ya adui.

Mimi huirudia mara kwa mara sehemu ya mwisho ya Soleil Ô. Mhamiaji aliyechoshwa na Paris anakimbilia msituni, picha ya Lumumba, kiongozi wa Kongo aliyeuawa, inatokea, naye anapiga ukelele mrefu. Uso ule ni wa Robert Liensol wa Guadeloupe, na ukelele ni wake pia.