Betri ya pili ya gari la kulala: namna ya kuijaza bila kujitia hatarini

Mwenye vani aliyeitia kitanda, jiko na friji ili alale ndani yake Diani au Watamu anahitaji betri mbili. Ya kwanza ni ya stata: hutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini ikaamka, kisha alternata ikarudisha kilichotumika. Ya pili ni ya ndani: hutoa nguvu kidogo kidogo kwa saa nyingi, kwa friji, taa na feni. Ukiilazimisha betri moja ifanye kazi zote mbili, ipo asubuhi gari halitawaka.

Mafundi wengine huziunganisha betri hizo kwa waya tupu, chanya kwa chanya, basi. Maji hufuata mkondo, na umeme ni vivyo hivyo: usiku friji itazinyonya zote mbili. Baya zaidi, waya isiyo na fyuzi ikikwaruzika hadi ikagusa bodi ya gari, hushika moto huku watu wamelala ndani.

Njia za kuijaza

Rilei. Huunganisha betri mbili injini inapofanya kazi na kuzitenga injini inapozimwa. Ni ya bei nafuu, na inafaa kwa gari la zamani lenye betri ya asidi. Lakini katika magari mengi mapya kompyuta hupunguza volti za alternata ili kuokoa mafuta, na hapo betri ya pili haijai. Betri ya lithiamu nayo hupokea umeme kwa kasi kubwa, kiasi cha kuweza kuiunguza alternata.

Chaja ya betri kwa betri. Hii hupokea umeme wa alternata, ikaupandisha hadi volti zinazotakiwa, na kuuwekea kikomo. Ndiyo inayofaa kwa lithiamu na kwa magari mapya. Chaja ya ampea 30, katika safari ya saa mbili kutoka Mombasa hadi Malindi, hurudisha ampea-saa zisizozidi 60. Kwa hivyo usitarajie mzunguko mfupi wa sokoni ujaze betri.

Sola. Paneli ya wati 100 hutoa kama ampea 5 jua la mchana likiwa kali. Lazima ipitie kwenye kidhibiti chaji, isifungwe moja kwa moja kwenye betri. Faida yake ni kwamba hujaza hata gari likiwa limeegeshwa siku nzima.

Mambo ya kuzingatia

Fyuzi ziwe mbili, moja karibu na kila betri, kwa sababu waya hiyo ina umeme pande zote mbili. Fyuzi huilinda waya, kwa hivyo isiwe kubwa kuliko uwezo wa waya yenyewe. Waya iwe nene: kwa chaja ya ampea 30 na umbali wa mita chache, ya milimita 16 za mraba inatosha. Nyembamba hupata moto na kupoteza volti njiani.

Betri ya asidi ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Iwekwe ndani ya sanduku lenye bomba la kutolea hewa nje, isikae wazi chini ya kitanda. Isitumiwe kupita nusu. Ikipumzishwa saa kadhaa, volti 12.7 humaanisha imejaa na 12.2 imefika nusu. Lithiamu haisomeki vizuri hivyo, kwani volti zake hubaki karibu palepale mpaka inapokaribia kwisha. Hiyo itiwe mita ya kuhesabu ampea.

Hapa pwani kuna joto na chumvi. Joto hufupisha maisha ya betri, basi isikae jirani na injini ikiwa pana nafasi kwengine. Chumvi hula vichwa vya betri. Visafishwe, kisha vipakwe mafuta ya mgando.

Kabla hujalipa, muulize fundi: fyuzi ziko wapi? Injini ikizimwa, ni kitu gani kinachozitenga betri? Na chaja hii imepangwa kwa aina ya betri niliyonunua? Akikujibu “haina neno, itafanya kazi” bila kukuonyesha kwa kidole, chukua funguo zako utafute fundi mwengine.