Je, filamu za kale za kauboi zastahili kuigizwa upya?

KATIKA mitaa kama Kipsongo mjini Kitale, ambako wakazi wengi ni jamaa za Waturkana waliong'olewa makwao na ukame pamoja na uvamizi wa wezi wa mifugo, sinema haikufika kwa njia ya majumba makubwa. Ilifika kwa kibanda cha video: chumba cha mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja, na sauti ya mtafsiri iliyopaa kuliko milio ya bastola. Ni katika vibanda vya aina hiyo ambamo vijana wengi wa Kenya walimfahamu kauboi kwa mara ya kwanza. Huyu ni mwanamume wa kofia pana, farasi na bunduki, ambaye watazamaji humwita 'staringi' na wanajua kwamba hafi kabla ya filamu kwisha.

Filamu mashuhuri za aina hii zilitengenezwa zaidi kati ya miaka ya 1930 na 1970. Kila kampuni za Hollywood zinapotangaza kuiunda upya mojawapo, mjadala hufufuka. Je, kazi hizo ziachwe zilivyo, au ziigizwe upya ili zimfae mtazamaji wa leo?

Swali hilo laweza kuonekana kuwa la Wamarekani peke yao. Hata hivyo, ukilitazama kutoka Kitale, mji uliokuzwa na walowezi wa Kizungu waliojitwalia mashamba ya Trans Nzoia, utaona kuwa linatuhusu sisi pia.

Desturi ya zamani

Kuunda filamu upya si jambo geni. Mwaka wa 1954, mwelekezi Mjapani Akira Kurosawa alitoa filamu ya Seven Samurai, inayosimulia habari za wanakijiji wanaokodi wapiganaji saba ili wawakinge dhidi ya majambazi. Mwaka wa 1960, Wamarekani waliigeuza kuwa ya kauboi kwa jina The Magnificent Seven. Wahindi nao walichota katika kisima hicho walipotengeneza Sholay mwaka wa 1975, filamu ambayo watazamaji wengi wa Afrika Mashariki waliifahamu kabla ya kuzisikia hizo zilizoitangulia. Kisha mwaka wa 2016, The Magnificent Seven iliundwa tena, safari hii kiongozi wa wale saba akiwa Denzel Washington, mwigizaji mweusi.

Mwitaliano Sergio Leone alifanya vivyo hivyo. Filamu yake ya mwaka wa 1964, A Fistful of Dollars, iliyompa umaarufu Clint Eastwood, ilifuata kwa karibu mno Yojimbo ya Kurosawa ya mwaka wa 1961. Wajapani walidai haki yao na mwishowe wakakubaliwa kupewa asilimia 15 ya mapato ya filamu hiyo. Kwa hivyo, anayedai kwamba filamu za kauboi ni kazi asilia zisizopaswa kuguswa, husahau kwamba baadhi yazo zenyewe ni za kuazima.

Hoja za wanaounga mkono

Wanaotaka filamu hizo ziigizwe upya wana hoja nzito. Kwanza, nyingi kati yazo ziliwadhalilisha wenyeji asilia wa Marekani, waliozoeleka kuitwa Wahindi Wekundu. Walionyeshwa kama kundi la watu wakali, wasio na majina, wanaopiga mayowe na kuanguka kutoka kwenye farasi. Hata walipopewa nafasi ya kuzungumza, nafasi hiyo mara nyingi ilikwenda kwa Mzungu aliyepakwa rangi. Katika The Searchers ya mwaka wa 1956, iliyoelekezwa na John Ford na ambayo wahakiki wengi huihesabu miongoni mwa filamu bora za karne iliyopita, chifu wa Wakomanchi aliigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Ujerumani. Waliomzunguka kama watu wake walikuwa Wanavaho, jamii nyingine kabisa yenye lugha yake.

Pili, historia yenyewe ilipunjwa. Wanahistoria hukadiria kwamba takriban kauboi mmoja katika kila wanne alikuwa mtu mweusi, lakini mtazamaji wa zamani hangeweza kulijua hilo kutokana na kioo cha sinema. Mwaka wa 2021 filamu ya The Harder They Fall iliwarejesha watu weusi wa kweli wa enzi hiyo, wakiwemo Nat Love na Bass Reeves, ingawa kisa chenyewe kilikuwa cha kubuni.

Tatu, kazi mpya yaweza kuikaribia hadithi ya awali kuliko ile ya kale. True Grit ya mwaka wa 1969 ilimpa John Wayne tuzo ya Oscar. Ilipoundwa tena mwaka wa 2010 na ndugu wawili wa ukoo wa Coen, ilirudi karibu zaidi na riwaya ya Charles Portis na kumpa msichana anayelipiza kisasi cha babake nafasi iliyomstahili. Iliteuliwa kuwania tuzo kumi za Oscar, ingawa haikushinda hata moja.

Hoja za wanaopinga

Wanaopinga nao hawakosi ushahidi. Stagecoach ya mwaka wa 1939 ingali inatazamwa na kufundishwa vyuoni, ilhali ile iliyoigizwa upya mwaka wa 1966 haikumbukwi na wengi. Mwaka wa 2013, kampuni ya Disney ilimfufua shujaa wa zamani katika The Lone Ranger, ikapata hasara ya mamilioni ya dola. Tena ilirudia kosa lile lile la kale, kwani nafasi ya Tonto, mwenyeji asilia, ilipewa Johnny Depp.

Aidha, wapinzani husema kuwa kuisafisha kazi ya zamani ni kuuficha ushahidi. Anayetaka kujua jinsi wakoloni walivyojitazama na jinsi walivyowatazama wengine, hana budi kuiona filamu ile ile waliyoitengeneza wao.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Huyo huyo John Ford alikuja huku kupiga Mogambo, iliyotoka mwaka wa 1953 baada ya kuchukuliwa picha nchini Kenya, Tanganyika na Uganda. Hiyo ilikuwa ni Red Dust ya mwaka wa 1932 iliyoundwa upya, na mwigizaji mkuu wa zote mbili alikuwa Clark Gable. Kisa kilihamishwa kutoka shamba la mpira la Indochina hadi mbuga za Afrika, lakini Mwafrika alibaki mpagazi na mpiga makasia katika mapenzi ya wageni. Mandhari yalibadilika, ila jicho la msimulizi lilibaki lile lile.

Sauti ya mtafsiri

Waafrika hawakuwa wakisubiri Hollywood iwarekebishie filamu. Katika machimbo ya shaba ya Zambia ya leo, wafanyakazi wa enzi za ukoloni walimpa kila kauboi jina moja la Jack na kumshangilia wapendavyo. Mjini Kinshasa, vijana wa miaka ya 1950 waliojiita Mabill, kutokana na jina la Buffalo Bill, walivaa na kuzungumza kwa mtindo wao wa kikauboi.

Siku za karibuni kazi hiyo imefanywa na watafsiri wa video. Dar es Salaam ilimpata Lufufu, naye DJ Afro akajizolea sifa kote Kenya. Mtafsiri wa namna hii hafuati maneno ya mwigizaji neno kwa neno. Humkejeli adui, humwonya staringi, huongeza methali na utani, na kumfanya mgeni kutoka Texas azungumze kama kijana wa hapa petu. Kwa kweli huko ni kuiunda filamu upya bila ya kamera. Picha ni ya zamani, lakini anayeisimulia ni mwenyeji.

Hata hivyo, sauti ina mipaka yake. Mtafsiri hawezi kumpa uhai mtu ambaye kamera ilimnyima uso. Mtoto wa mfugaji aliyepoteza malisho akiketi katika kibanda hicho, bado atamshangilia mwenye bunduki na kumcheka anayetetea nchi yake kwa mshale.

Ngome ya Chetambe

Safari ya kutoka Kitale kuelekea Bungoma na Webuye yatosha kuonyesha pengo hilo. Juu ya vilima vya Chetambe, karibu na Webuye, mnamo mwaka wa 1895 Wabukusu pamoja na Watachoni walijikinga ndani ya ngome yao dhidi ya kikosi kilichoongozwa na Mwingereza C. W. Hobley, chenye askari Wasudani na bunduki ya rashasha. Chanzo kimojawapo cha vita hivyo kilikuwa bunduki za serikali zilizoingia mikononi mwa wenyeji, ambazo Hobley alitaka zirudishwe. Watu wengi waliuawa na ng'ombe wakatekwa.

Kisa hicho kina kila kitu kinachopatikana katika filamu ya kauboi: ngome, mazingira, mifugo, silaha zisizolingana na ushujaa. Tofauti ni kwamba aliyezingirwa ndani ya ngome ni mwenyeji, na anayekuja akipiga risasi ni mgeni.

Basi jibu la swali letu halimo katika umri wa filamu. Kuigiza upya kwa ajili ya rangi angavu na milipuko mikubwa ni kutia mvinyo wa zamani katika chupa mpya, na afadhali ile ya kale ibaki ilivyo, itazamwe na kuhakikiwa. Filamu yafaa kuundwa upya pale tu anayesimulia anapobadilika, au pale aliyekuwa akianguka bila jina anapopewa jina, lugha na sababu ya kupigana. Na kwa wenye vipawa vya uigizaji na upigaji picha katika Trans Nzoia na Bungoma, hakuna haja ya kungoja zamu ya Hollywood. Chetambe ingali pale pale, na hadithi yake haijapata kuigizwa ipasavyo hata mara ya kwanza.